UZI: Timu ya chuo ikimpoteza mkimbiaji wake namba moja, inapoteza nini hasa?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Kila msimu wa futiboli ya vyuo vikuu vya Marekani ukifika Oktoba, ipo timu inayompoteza mkimbiaji wake tegemeo, na mjadala hufuata njia ileile: mashabiki wake hutangaza msiba, wapinzani hutangaza ubingwa, na wachambuzi wa televisheni huorodhesha yadi alizokuwa amekimbia kana kwamba zimezikwa pamoja naye. Nimeufuatilia mchezo huu nikiwa hapa Georgia kwa miaka mingi, na ninaleta hoja ambayo najua itapingwa. Yadi ndizo zinazozibika kwa urahisi kuliko chochote. Kinachopungua kweli ni zile kazi ambazo takwimu hazimwandikii mkimbiaji, na pamoja nazo uhuru wa kocha wa kuchagua afanye nini katika kila jaribio.

Kwa wasioufahamu mchezo, timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, na ikishindwa mpira unakwenda kwa mpinzani. Kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi, akishaupokea mpira, ama anaurusha kwa mpokeaji aliye mbele, ama anamkabidhi mkimbiaji, ambaye hupenya katika nafasi zinazofunguliwa na wale wanaume watano wakubwa wa ukuta wa mbele. Watazamaji wengi huishia hapo. Lakini mkimbiaji huyohuyo anatakiwa pia kupokea pasi fupi, na anatakiwa kumlinda kwotabeki pale wapinzani wanapoamua kumvamia.

Hiyo kazi ya ulinzi ndiyo inayomtofautisha mzoefu na mgeni. Tuseme ni jaribio la tatu na zimebaki yadi 8, kwa hiyo uwanja mzima unajua kwamba pasi inakuja. Wapinzani wanasogeza watu sita karibu na mstari, ilhali ukuta una watu watano. Katika sekunde chache kabla mpira haujaanza kuchezwa, mkimbiaji anapaswa kutambua ni nani kati ya wale sita anakuja kweli na ni nani anazuga, kisha akatize mbele ya kwotabeki bila kumgonga, amkabili mtu anayemzidi kilo 10 au 15 na kumpokea kifuani kwa mabega na mikono. Akichagua asiye, kwotabeki anapigwa kutoka upande ambao hautazami. Kijana wa miaka 18 aliyekuwa nyota wa shule yake ya sekondari mara nyingi hajawahi kuifanya kazi hiyo kwa dhati, kwa sababu huko nyumbani kila jaribio la maana mpira alipewa yeye.

Tazameni Chuo Kikuu cha Georgia, ambacho kwa miaka kadhaa kiliandamwa na balaa hili. Mwanzoni mwa Oktoba 2014 Todd Gurley, aliyekuwa akitajwa miongoni mwa wagombea wakuu wa tuzo ya Heisman (ya mchezaji bora wa vyuo), alisimamishwa kwa sababu ya kulipwa kwa saini zake, jumla ikizidi dola 3,000 kwa mujibu wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo. (Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuuza saini yake, na kwa fedha zinazozunguka sasa, dola 3,000 hazingemshangaza mtu.) Mkimbiaji mwenzake, Sony Michel, alikuwa ameumia bega muda mfupi kabla ya hapo. Akabaki Nick Chubb, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katika mechi yake ya kwanza ya kuanza, ugenini dhidi ya Missouri, alikabidhiwa mpira mara 38, akapata yadi 143, na Georgia ikashinda 34-0. Wiki iliyofuata aliikimbilia Arkansas yadi 202. Gurley alikosa mechi 4 na Georgia ilishinda 3 kati ya hizo. Katika ile iliyopotea, 38-20 mbele ya Florida, Chubb alikimbia yadi 156. Kilichoiua Georgia ni kwamba Florida ilikimbia yadi 418 na kurusha pasi 6 tu mechi nzima. Gurley angekuwepo, asingepangwa upande wa ulinzi.

Mwaka uliofuata zamu ikawa ya Chubb. Tarehe 10 Oktoba 2015, mjini Knoxville, katika jaribio la kwanza kabisa la Georgia, goti lake la kushoto lilipinda karibu na mstari wa pembeni na kano kadhaa zikakatika. Alikuwa na yadi 747 msimu huo, na alikuwa amefikisha yadi 100 katika mechi 13 mfululizo, sawa na rekodi ya Herschel Walker chuoni hapo. Georgia iliongoza 24-3, kisha ikafungwa na Tennessee 38-31. Tangu siku hiyo watu husema msimu ulivunjika pamoja na lile goti.

Mimi siafiki. Michel, aliyeingia mahali pake, alikimbia yadi 145 siku hiyohiyo na akamaliza msimu akiwa na zaidi ya yadi 1,100. Aliyewachachafya Georgia ni kwotabeki wa Tennessee, Joshua Dobbs, kwa pasi na kwa miguu. Tena wiki moja kabla, Chubb akiwa mzima na akikimbia yadi 146, Georgia ilifungwa 38-10 na Alabama katika uwanja wake yenyewe. Baada ya ajali, ukihesabu na mechi ya Tennessee, timu ilishinda 6 na kupoteza 2.

Ila ukizitazama hizo mechi 6 za ushindi, utaona ni nini kilipungua. Waliishinda Missouri 9-6 bila tachidauni hata moja (yaani bila kuufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la mpinzani), Georgia Tech 13-7, na Georgia Southern, timu ambayo kwa kawaida hualikwa ije kufungwa, iliwapeleka hadi muda wa nyongeza. Mnamo Septemba, kwotabeki Greyson Lambert alikuwa amefikisha pasi 24 kati ya 25 dhidi ya South Carolina, rekodi ya NCAA kwa asilimia, na kwa maoni yangu wiki ile aliishi kwa mchezo wa kuzuga: anajifanya anampa Chubb mpira, walinzi wanakimbilia mbele, mpokeaji anabaki peke yake nyuma yao. Chubb alipoondoka, walinzi waliacha kukimbilia mbele kwa pupa. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee, kwani Lambert huyohuyo alikwama mbele ya Alabama Chubb akiwemo. Mwishoni mwa Oktoba aliwekwa benchi, Faton Bauta akaanza dhidi ya Florida, pasi zake 4 zikanaswa, na matokeo yakawa 27-3. Mwezi mmoja baadaye kocha Mark Richt aliondolewa baada ya misimu 15.

Yadi za mkimbiaji zilipatikana. Pointi za timu ndizo zilizopungua. Nawasilisha.

Mdau wa Nairobi

Mleta mada, ahsante kwa maelezo yaliyopangika. Mimi ni mtu wa soka na ninaujifunza mchezo huu kupitia mabinamu walioko huko, kwa hiyo swali langu huenda ni la mgeni. Klabu ya soka ikimpoteza mshambuliaji wake mwezi wa kumi, husubiri dirisha la Januari na kutafuta mwingine. Vyuo hivi vinavyolipa makocha mamilioni ya dola vinashindwaje kutafuta mkimbiaji mwingine?

Mleta mada

Ndugu yangu, hilo swali ndilo linaloutenga mchezo wa chuo na ule wa kulipwa, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Katika ligi ya NFL, timu ikimpoteza mkimbiaji Jumapili, Jumanne inaweza kumwita mtu aliyekuwa nyumbani bila timu, au ikabadilishana na timu nyingine kabla ya tarehe ya mwisho. Chuoni hakuna njia hiyo. Mchezaji hawezi kuchezea vyuo viwili katika msimu mmoja, kwa hiyo waliosajiliwa Agosti ndio utakaomaliza nao. Kwa miaka mingi timu za daraja la juu ziliruhusiwa ufadhili wa masomo kwa wachezaji 85, na katika idadi hiyo wakimbiaji walikuwa takribani wanne hadi sita. Kuanzia msimu wa 2025 ukomo wa ufadhili umeondolewa na badala yake kikosi kizima hakitakiwi kuzidi watu 105, lakini msingi haujabadilika: mbadala wako ni kijana ambaye tayari anakula katika bwalo lenu.

Tena zipo kanuni zinazovuta pande tofauti. Tangu 2018 mchezaji anaweza kucheza hadi mechi 4 bila kuhesabiwa kuwa ametumia mwaka wake wa ustahiki, na hiyo inampa kocha nafasi ya kumjaribu kijana wa mwaka wa kwanza mapema, kabla ya dhiki. Kwa upande mwingine, tangu 2021 mchezaji anayehama chuo kwa mara ya kwanza anaweza kucheza mara moja bila kukaa nje mwaka mzima, na tangu 2024 hata anayehama tena. Fikiria sasa mkimbiaji namba mbili aliye hodari kiasi cha kuanza mahali pengine: kwa nini akae akisubiri mwenzake aumie? Anaondoka. Kwa hiyo timu inaweza kuingia Septemba ikiwa na nyota mmoja na nyuma yake watoto wawili. Georgia ya 2017, iliyokuwa na Chubb na Michel pamoja katika mwaka wao wa mwisho, mmoja akikimbia yadi 1,345 na mwingine 1,227, leo ingekuwa vigumu kuijenga bila kitita kikubwa cha fedha.

Kuna na muda. Kanuni za NCAA zinaweka kikomo cha saa 20 kwa wiki kwa shughuli rasmi za mchezaji wakati wa msimu, pamoja na mechi na vikao. Kocha aliyempoteza mkimbiaji wake Jumamosi ana siku chache za kumfundisha mbadala ishara na namna za kumlinda kwotabeki dhidi ya mpinzani ambaye ameshaanza kuandaa uvamizi kwa ajili yake. Njia rahisi ni kupunguza kitabu cha mbinu. Mkono wa mpinzani huwa mwepesi zaidi pale anapojua kwamba mambo 15 yameondolewa mezani.

Mdau wa Columbus

Wakuu, mimi ni wa Ohio State, kwa hiyo ninayoandika hapa ninayaandika kwa maumivu.

Tarehe 19 Novemba 2022, wiki moja kabla ya kutufuata, Michigan walimpoteza mkimbiaji wao Blake Corum. Aliumia goti kabla ya mapumziko dhidi ya Illinois, akiwa ameshakimbia yadi 108 na kufunga tachidauni yao ya pekee. Pointi zote nyingine za Michigan zilitokana na mikwaju minne ya Jake Moody (ya kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo), na walinusurika 19-17 kwa mkwaju wa sekunde za mwisho. Huku kwetu watu walianza kupika mapema. Mtu mwenye yadi zaidi ya 1,400 na tachidauni 18 hayupo. Michigan watatufanya nini?

Jumamosi ile Corum alijaribu, akagusa mpira mara 2 na kupata yadi 6, basi. Mbadala wake, Donovan Edwards, alicheza mkono ukiwa umefungwa kwa sababu ya jeraha. Katika kipindi cha kwanza tuliwazuia kukimbia karibu kabisa. Tuliwasogeza walinzi wetu mbele, tukiwa tumejiaminisha kwamba kwotabeki wao J.J. McCarthy hawezi kutuumiza kwa pasi ndefu, naye akatupiga kwa tachidauni za yadi 69 na yadi 75 kwa mpokeaji mmoja, Cornelius Johnson. Kisha robo ya nne ikafika, walinzi wetu wakiwa bado wamejazana mbele, na Edwards akapenya mara mbili: yadi 75, halafu yadi 85. Alimaliza na yadi 216 na tukafungwa 45-23 nyumbani kwetu.

Hadi hapo ninamuunga mkono mleta mada. Kuondoka kwa mkimbiaji kulitubadilisha sisi kuliko kulivyowabadilisha wao, kwa kuwa tuliingia uwanjani tukiwa na hakika ambayo hatukuwa na haki nayo.

Ila ninataka kumwongezea jambo ambalo hakuligusa, nalo ni yadi fupi. Tarehe 31 Desemba mwaka huohuo Michigan walicheza nusu fainali ya taifa, Fiesta Bowl, dhidi ya TCU. Mara ya kwanza walipopata mpira, Edwards alichomoka yadi 54, wakafika mlangoni. Kwenye jaribio la nne, zikiwa zimebaki yadi 2, hawakumwamini mtu yeyote kuzilazimisha hizo yadi 2 kwa nguvu. Wakaita mchezo wa ujanja wa kupokezana mpira nyuma ya mstari, ukavunjika, wakatoka bila pointi. Baadaye, bado katika kipindi cha kwanza, walipata mpira chini ya yadi moja kutoka mstari wa lango, wakampa mkimbiaji mwingine wa akiba, mpira ukamtoka na TCU wakauchukua. Mechi iliisha 51-45. Tofauti ni pointi 6, na safari mbili zilifia mlangoni.

Edwards ana mbio kuliko Corum, na hilo halina ubishi. Lakini Corum, kijana mfupi mwenye mapaja ya mbao, ndiye aliyejua kujikunja chini ya watu na kutokea upande wa pili akiwa na zile yadi 2. Msimu uliofuata alirudi akafunga tachidauni 27 za kukimbia, rekodi ya chuo chao, nyingi zikiwa hizo za karibu na lango, na Michigan wakatwaa ubingwa wa taifa kwa kuifunga Washington 34-13, yeye akikimbia yadi 134. Kwa hiyo mtu akisema mbadala ameziba pengo, muulizeni: pengo la wapi uwanjani?

Mdau wa Macon

Mleta mada, kwa heshima zote, umechagua miaka inayokubeba. Mbona umeiruka 2013? Mimi nilikuwa nikiifuata timu hiyohiyo ya Georgia. Gurley aliumia kifundo cha mguu tarehe 28 Septemba dhidi ya LSU, akakosa mechi 3. Ya kwanza, dhidi ya Tennessee, ilipatikana kwa muda wa nyongeza, 34-31. Ya pili Missouri wakatufunga 41-26 nyumbani. Ya tatu tukafungwa na Vanderbilt 31-27, na mtu yeyote wa huku anajua maana ya kufungwa na Vanderbilt, timu iliyozoeleka kufungwa. Gurley akarudi tarehe 2 Novemba, akafunga tachidauni mbili katika robo ya kwanza, Florida wakalala 23-20. Akiwa nje ushindi ni mmoja kati ya tatu; akirudi, ushindi. Ushahidi mwingine wa nini tena?

Mleta mada

Mkuu wa Macon, 2013 ninaikumbuka vizuri, na sikuitaja kwa sababu ndiyo mwaka mbaya kuliko yote wa kupimia jambo hili. Ili tujue kukosekana kwa mkimbiaji kunafanya nini, inatakiwa wengine wawepo. Mpokeaji Malcolm Mitchell alikuwa ameumia goti tangu mechi ya kwanza dhidi ya Clemson, tena akishangilia tachidauni ya Gurley. Siku ileile ya Tennessee, Keith Marshall, ambaye ndiye aliyekuwa mbadala wa Gurley, alikatika kano ya goti, na wapokeaji Justin Scott-Wesley na Michael Bennett wakaumia magoti pia. Hapo ndipo kazi ilipowaangukia wakimbiaji wawili wa mwaka wa kwanza, J.J. Green na Brendan Douglas. Huwezi kuchukua watu wanne au watano waliotoka kwa mkupuo, ukaandika jina la mmoja juu ya kaburi.

Halafu itazame tena ile mechi ya Florida unayoitegemea. Kati ya tachidauni mbili za Gurley, moja ilikuwa pasi fupi ya kwotabeki Aaron Murray ambayo Gurley aliigeuza kuwa safari ya yadi 73. Ndicho ninachokisema tangu mwanzo. Green na Douglas waliweza kupata yadi zao nne nne kwa kukimbia, lakini hapakuwa na mlinzi wa Missouri aliyelala macho akiwaza pasi kwa mmoja wao.

Na la mwisho kwa mwaka huo: Missouri ya 2013 haikuwa timu ya kubahatisha. Ilimaliza kileleni mwa kanda yake ya SEC (ligi ya vyuo vya kusini-mashariki) na kucheza fainali ya ligi. Ingeweza kuifunga Georgia iliyo kamili.

Dada wa Viungo

Kaka zangu, ninafanya kazi ya kuwarudisha watu uwanjani na kazini baada ya upasuaji wa magoti, na ninaona mmejadili timu kana kwamba mkimbiaji akitoka kwa machela hadithi yake imeisha. Kwa timu pia haijaisha, kwa sababu mara nyingi atarudi, na namna atakavyorudi itaigusa timu mwaka mzima unaofuata.

Kano ya ACL, ile ya mbele ndani ya goti, ikikatika na kutengenezwa upya, mchezaji kwa kawaida huhitaji miezi 9 hadi 12 kabla ya kurudi katika ushindani. Hiyo ni tarehe ya kuruhusiwa kucheza tu. Mkimbiaji anaishi kwa kuukanyaga mguu mmoja na kugeuza mwili wote juu yake kwa ghafla, huku watu wakimlenga miguuni. Paja linaweza kurudisha nguvu yake kwenye vipimo na bado mwili ukasita nusu sekunde kabla ya kuuamini mguu. Nusu sekunde hiyo ndiyo upana wa nafasi ambayo ukuta umemfungulia. Tazameni huyohuyo Chubb. Mwaka 2015, kabla ya kuumia, alikuwa akipata wastani wa yadi 8 kila alipokabidhiwa mpira. Aliporudi 2016 alianza kwa yadi 222 dhidi ya North Carolina, watu wakasema amepona, lakini kwa msimu mzima wastani ulishuka hadi yadi 5, na Georgia ikamaliza 8-5. Kulikuwa na kocha mpya, kwotabeki wa mwaka wa kwanza na ukuta dhaifu, sikatai. Ila yule Chubb wa yadi 8 hakuwepo pia.

Mfano mzito zaidi ni wa Marcus Lattimore wa South Carolina. Mwaka 2010, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alifunga tachidauni 17 za kukimbia. Oktoba 2011 goti la kushoto likaondoka dhidi ya Mississippi State, timu ikiwa na ushindi 6 na kipigo 1. Kocha Steve Spurrier alimkabidhi kazi Brandon Wilds, kijana wa mwaka wa kwanza, na South Carolina ikashinda 5 kati ya 6 zilizobaki, ikiwemo 14-3 dhidi ya Tennessee na 17-12 dhidi ya Florida. Matokeo hayo yanasema wazi ni nani aliyeibeba timu: ulinzi wa akina Melvin Ingram, Stephon Gilmore na Jadeveon Clowney. Walimaliza 11-2, mara ya kwanza katika historia ya chuo hicho kufikisha ushindi 11. Lattimore akarudi 2012, na tarehe 27 Oktoba dhidi ya Tennessee goti la kulia likateguka na kano zake kukatika, jeraha ambalo wengi hawakuweza kulitazama mara mbili. Timu ikamaliza tena 11-2. Mwaka 2013, yeye akiwa ameshaondoka, 11-2 kwa mara ya tatu.

Kwa takwimu za ushindi, basi, South Carolina haikupungukiwa na kitu. Yeye alichaguliwa na San Francisco 49ers katika raundi ya nne ya 2013 na akastaafu mwaka uliofuata bila kucheza mechi hata moja ya NFL. Sitaki mtu aseme kwamba kila goti huishia hapo. Frank Gore alikatika kano za magoti yote mawili akiwa Miami, na kule NFL alimaliza akiwa na yadi 16,000 kamili, wa tatu katika historia ya ligi. Lakini ninapowasikia makocha wakisema mwenzake ataingia na kazi itaendelea, huwa ninajua kwamba kauli hiyo ni ya kweli kwa timu, na kwamba kijana aliye kitandani anaisikia pia.

Mdau wa Nairobi

Dada, ahsante, umenifungua macho. Wakuu, swali la mwisho kutoka kwangu. Jumamosi ijayo nikiitazama timu iliyompoteza mkimbiaji wake, nitazame nini ili nijue kama imeumia kweli?

Mleta mada

Robo ya kwanza usiitilie maanani sana, ndugu, kwa kuwa majaribio ya mwanzo yameandikwa na kocha tangu katikati ya wiki na mbadala ameyafanyia mazoezi. Ngoja jaribio la tatu lenye yadi nyingi, kisha mtazame mtu aliyesimama kando ya kwotabeki. Kama mbadala ametolewa na ameletwa mwingine wa kulinda tu, wapinzani nao wanamwona, na hawatahangaika na mbio wala pasi fupi. Tazama pia walinzi wawili wa nyuma kabisa: wakibaki mbali kwotabeki anapozuga kutoa mpira, maana yake hawamwogopi huyo mkimbiaji mpya, na pasi ndefu zitakuwa za shida mchana mzima.

Baada ya hapo fuata ushauri wa mwenzetu wa Columbus kuhusu yadi 2 za mlangoni. Mimi ningeongeza dakika sita za mwisho timu ikiwa inaongoza kwa pointi chache, ambapo kila mtu anajua mpira utakimbizwa na saa inatakiwa iendelee kutembea. Pale Knoxville 2015, yadi 145 za Michel zilikuwepo kwenye karatasi; uongozi wa pointi 21 haukuwepo.

Mdau wa Columbus

Na ukiona wachambuzi wameanza kumhurumia mbadala kabla ya mechi, walinzi wako wa nyuma wasisogee mbele.